Nilisikia Nyundo, Sikusikia Ganzi

Wasomaji wenzangu, mnisamehe mwandiko kabla hamjafika mbali. Herufi zangu nyingine zimelala, nyingine zinapanda mlima, na mahali pengine mtakuta nimeweka r penye l, maana ndivyo ulimi wetu wa huku Maruku unavyokwenda. Shule yangu iliishia darasa la nne. Anayetaka kucheka makosa ya tahajia acheke, nimemruhusu. Mwandiko ndio sitaki uchekwe, kwa sababu una habari yake. Naandika mistari minne, naweka kalamu chini, natia mikono katika bakuli la maji, naifuta kwa kanga, kisha naandika mingine minne. Barua hii niliianza Jumatatu. Leo ni Jumatano ya pili.

Wala si desturi yangu kusema mbele za watu. Watani husema sisi Wahaya haya zetu zimebaki kwenye jina tu. Basi mimi nilipewa za ukoo mzima. Kanisani huchezesha midomo na sauti nawaachia wengine. Lakini majuzi nilikuwa Bukoba mjini, nimesimama dukani nikingoja chumvi, na mama mmoja mbele yangu akaomba dawa ya upele ya mtoto wake. Mwenye duka akafungua kopo. Harufu ile ilipotoka, mikono yangu ilijificha ndani ya kanga yenyewe, kabla sijaiamuru. Ilikuwa harufu ya kibiriti upele. Nikatoka bila chumvi. Njiani nikajionea aibu, kisha nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo imenikalisha hapa na kalamu. Nawaandikia ninyi mlio wa rika langu, mliokaa madawatini wakati ule nami nilipokaa, hasa wale mliohama dawati ili msikae nami.

Ilianza msimu wa senene. Asubuhi ile tulikuwa tumetoka watoto wote kwenda kwenye nyasi za uwanda, umande umetulowesha mpaka mapajani, tukikamata senene na kuwatia kwenye vibuyu. Senene ana miiba miguuni, wote mnajua, na viganja vyetu vilikuwa na mikwaruzo midogo midogo. Kwa hiyo viganja vilipoanza kupata moto sikushangaa. Nilishangaa siku ya tatu, mikwaruzo ilipokwisha na moto ukabaki. Ulikuwa kama ule wa kushika ndizi iliyotolewa sasa hivi chunguni, ila ndizi ukiitupa mkono hupoa. Huu haukuwa na cha kutupa. Ulianza katikati ya kiganja, ukaenda vidoleni, halafu ukapanda mpaka kwenye kiwiko kama siafu wanaotembea chini ya ngozi kwa mstari. Siku nyingine ulishuka kwenye nyayo. Juu ya ngozi hapakuwa na kitu. Hapakuwa na lengelenge, wala uvimbe, wala wekundu. Mama alinishika mikono akaigeuza huku na huku kama anachagua nyanya, akasema, "Mbona mizima?"

Nilipata dawa yangu mwenyewe. Shina la mgomba ni baridi hata jua likiwa kali, kwa kuwa ndani yake ni maji matupu. Nilikuwa naingia kibanjani nyuma ya nyumba, nachagua mgomba mnene, naukumbatia, viganja vimebanwa kwenye ngozi yake laini, na nasimama hivyo mpaka moto upungue. Siku moja shangazi yangu alinikuta. Shangazi Kokugonza, dada yake baba, alikuwa ametoka Ngenge kuja kumsaidia Mama aliyekuwa amejifungua. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiopumzika.

"Wee mtoto," akasema, "huo mgomba umeshakuposa, au bado unaupima?"

"Mikono inaungua, shangazi."

"Inaungua saa ya kumenya ndizi. Saa ya kula inapona. Nayajua maradhi hayo, hata mume wangu anayo."

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na siri. Ninyi mnajua kwetu mwanamke hukamata senene, huwachambua mabawa na miguu, huwakaanga, akampelekea mwanamume. Mwenyewe hali. Nami asubuhi ile, nikiwa nimeinama kwenye nyasi, nilikuwa nimetia mdomoni senene watatu waliokaangwa jana yake, ambao nilikuwa nimewaficha kwenye pindo la gauni. Walikuwa watamu. Basi nikajua kabisa mikono yangu inaadhibiwa kwa kuwa ndiyo iliyobeba. Na kanisani tulikuwa tumesomewa kwamba mkono ukikukosesha, ukate. Nikawa nikimwona Tata, yaani baba, ananoa panga la kupogolea migomba, naondoka karibu yake.

Mama alipoona nimeacha kushika hata kijiko, akaamua nipelekwe zahanati mjini. Mwenyewe alikuwa na kichanga, Tata alikuwa kwenye kahawa, kwa hiyo akanipeleka shangazi. Tuliondoka alfajiri kwa miguu. Shangazi hakujua Kiswahili hata neno la kuombea maji, na dresa, yaani mtoa dawa wa pale zahanati, hakujua Kihaya. Alikuwa mzee mmoja mwenye asili ya pwani, Bwana Salehe, kofia yake nyeupe imeshonwa vizuri, na Kiswahili chake kilipita haraka kama maji ya mfereji. Kwa hiyo mwenye kusema nilikuwa mimi, na Kiswahili changu kilikuwa cha ubaoni.

Ubaoni tulikuwa tumefundishwa hivi: Mama anawasha taa. Taa inawaka. Nikafikiri njia nzima. Kuwaka ni kwa taa na kwa nyumba, mtu hawezi kuwaka, watu wangemwona. Lakini kuna kitu ndani ya mikono kinachoniwasha mimi, kama Mama anavyowasha taa. Nikawa na hakika. Nilipofika mbele yake nikapiga magoti, nikasema sentensi yangu niliyoibeba kutoka Maruku:

"Shikamoo bwana. Mikono inaniwasha."

"Marahaba. Inakuwasha?" Akanitazama katikati ya vidole. "Unajikuna?"

Neno hilo sikulijua. Nilikuwa nimelelewa kwamba mkubwa akiuliza, mtoto hupiga magoti na kujibu "Ego, waitu," ndiyo bwana. Neno la kukataa sikuwahi kufundishwa kulisema nikiwa magotini. Nikasema, "Ndiyo, bwana."

"Upele huo," akamwambia msaidizi wake. "Mpake kibiriti."

Kibiriti! Nililia mpaka shangazi akadhani nimechomwa sindano. Nilikuwa nimemwambia mtu huyu mikono yangu inaungua, naye ameagiza kibiriti. Lakini kilichokuja ni mafuta ya njano kwenye kopo, mazito, yenye harufu ya yai lililooza, wakanipaka mpaka kwenye viwiko na kunifungia kwenye jani kopo dogo la kujipaka nyumbani.

Mikono haikupona hata chembe. Shuleni ndiko yalikozaliwa mengine. Harufu ilifika darasani kabla yangu. Mvulana mmoja aitwaye Daudi, aliyekaa dirishani, alikuwa akisimama kila asubuhi na kutangaza, "Kibiriti anakuja! Ondoeni nyasi, msije mkaungua!" Darasa zima liliinua miguu. Yule msichana niliyekaa naye dawati moja akahamia nyuma, akaniambia kwa upole, "Si mimi, ni pua yangu." Nikawa nakaa peke yangu, nikiandika kwa vidole vinavyoteleza kwa mafuta na kuwaka chini ya mafuta, na tulikuwa tumebakiza wiki chache kufanya mtihani wa darasa la nne. Wengi wenu mnakumbuka mtihani ule. Aliyeshinda aliendelea na shule. Aliyeshindwa alirudi kibanjani. Mwalimu alikuwa amemwambia Tata kwamba mimi ni mmoja wa wale anaowatazamia. Tata hakuniambia, lakini nilimsikia akimwambia Mama, na tangu siku hiyo nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani.

Kopo lilipokwisha, tukarudi mjini. Siku hiyo mafundi walikuwa juu ya zahanati wakipigilia mabati ya chumba kipya, na kelele zilikuwa za kuziba masikio. Bwana Salehe aliona mikono yangu haina upele hata mmoja. Akakunja uso. Akanibonyeza nyuma ya kiwiko, akatazama masikio yangu na nyusi zangu. Kisha akainama, akauliza kwa sauti kubwa ili azishinde nyundo:

"Binti, unasikia ganzi?"

Nikatazama juu. Nilifikiri hivi, na ninaliandika kama lilivyokuwa ingawa naona aibu: kwa watu wa pwani kelele hiyo ya bati labda inaitwa ganzi. Mzee anauliza kama naisikia. Nani asingeisikia?

"Ndiyo, bwana. Nasikia."

"Sana?"

"Sana."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofika."

Hapo angeweza kushtuka, lakini fundi alipiga misumari mitatu mfululizo na neno langu la mwisho likafa. Akaenda mezani akaandika barua, akaikunja, akaibandika, akampa shangazi kwa ncha za vidole. Hakunipa mkono. Mara ya kwanza alikuwa amenipigapiga kichwani.

Barua ilikuwa ya mwalimu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, na naomba anayemkumbuka asimfikirie vibaya. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena, kisha akarudi nyuma hatua moja. Ile hatua moja mpaka leo naiona. Akaniambia nichukue ubao wangu na ile barua niende nyumbani, nisirudi mpaka niitwe, na mwisho wa mwezi litapita lori la kuwachukua watu kwenda kwenye kambi ya wakoma. Nilipokuwa natoka niliona wanafunzi wawili wanatumwa kuleta majivu na maji ya kuoshea dawati langu. Daudi hakusema kitu. Nilitamani aniite Kibiriti.

Nyumbani Mama alikaa chini kwenye nyasi za sakafuni, mtoto mapajani, asinyonyeshe wala asimlaze. Tata akaichukua barua akaisoma taratibu. Yeye aliwahi kuwapikia askari vitani, na Kiswahili alikijua vizuri kuliko mtu yeyote wa pale kwetu.

"Wameandika umesema mwenyewe kuwa unasikia ganzi. Mikono yote miwili. Kweli?"

"Ndiyo, Tata. Ilikuwa juu ya bati."

"Nini ilikuwa juu ya bati?"

"Ganzi. Walikuwa wanapiga ganzi kwa nyundo."

Akaishusha barua. Kisha akaeleza, neno kwa neno, kwa Kihaya. Ganzi ni mkono kufa ungali mwilini. Ni kama ule uliolaliwa, ukaamka ukaukuta si wako. Mwenye ganzi hushika kaa la moto asijue.

Sijui niliipata wapi ile sauti. "Mkono wangu haujafa!" nikasema. "Mkono wangu uko hai kuliko mimi mzima! Ungekufa si ningelala?"

Shangazi alianza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo, halafu nikaona analia. "Nyundo," akawa anasema. "Mtoto atachukuliwa na lori kwa sababu ya nyundo."

"Twende tukamwambie," nikasema.

Tata alikunja ile karatasi kwenye mikunjo yake ileile. Hakuwa mwoga, ila alikuwa ameishi na amri muda mrefu. "Barua ya serikali haijibiwi, mwanangu. Inapokelewa."

"Nitaijibu mimi."

Nilisema hivyo nimesimama. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumwambia Tata neno hilo kwa namna hiyo, na mimi ndiye ambaye wageni waliuliza kama ni bubu. Mama akainua kichwa. Tata angeweza kunipiga. Aliweka barua mkononi mwangu, mkononi kabisa, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa vidole vyake, akasema, "Basi chagua maneno vizuri. Kiswahili kina milango miwiliwili."

Njia nzima alfajiri ile shangazi hakunitania. Tulipoliona ziwa kwa mbali akaniuliza kwa nini nilikuwa nakonda kabla hata ya barua. Nikaona heri niseme, nisije nikapandishwa lori na dhambi nisiyoitubu. Nikamwambia habari ya senene watatu.

Alisimama katikati ya barabara. "Watatu? Watatu tu?" Akashika kiuno. "Mimi nimekula senene tangu sijaota meno ya pili. Huwa nawahesabia wanaume wao, wangu nawala jikoni. Shika mkono huu. Shika! Si baridi kama chura?"

Ulikuwa baridi kama chura. Nikaanza kucheka, na nilipocheka nikahisi mtungi wangu wa kichwani umepungua maji.

Pale zahanati palikuwa na benchi la watu wote na benchi jingine peke yake chini ya mti, upande wa jua. Msaidizi alinitambua, akanionyesha lile la pili. Nikaenda. Alikaa pale mzee mmoja wa kwetu kwetu, mikono yake imefungwa vitambaa, vidole vimepungua. Nikapiga magoti kumwamkia. Yeye akavuta mikono yake nyuma, kama mtu anayeficha chakula kibovu asimwonyeshe mgeni.

"Umeletwa kwa nini, mwana wa watu?" akaniuliza kwa Kihaya.

Nikamsimulia, nyundo na yote. Alicheka kicheko kidogo kisicho na sauti.

"Mimi nitakwambia ganzi ni nini," akasema. "Ganzi ni pale nyundo inapokupiga kidole, ukaisikia kwa masikio tu."

Nikafikiri maneno yale. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi: nikamnyoshea mkono wangu. Alisita, halafu akautoa wa kwake. Mkono wangu unaowaka ukakaa ndani ya mkono wake usiosikia. Nikamwuliza kama anapata joto lolote. Akatikisa kichwa. "Hakuna kitu," akasema. "Lakini nauona umo." Na sisi wawili tukakaa hivyo, mmoja na moto mwingi kupita kiasi, mwingine bila hata cheche, mpaka jina langu likaitwa. Aliponiachia akasema, "Nenda. Usipige magoti. Ukiwa chini hawasikii."

Kwa hiyo sikupiga. Nilimwamkia nikiwa nimesimama, na Bwana Salehe akaona dharau, maana aliweka miwani yake chini.

"Bwana, sina ganzi."

"Ulisema unayo."

"Nilisikia nyundo. Sikusikia ganzi."

"Nyundo gani?"

Nikamwonyesha bati kwa kidole. Watu wa kwenye benchi wakageuka. Akatazama bati, akanitazama mimi, mdomo ukataka kucheka, akauzuia. "Binti yangu, karatasi ya kambini imekwisha kwenda. Kila mtu akija hapa hukataa. Yule pale alikataa mwaka mzima."

Shangazi, ambaye hakuelewa neno ila alielewa kichwa kinachotikiswa, akaanza kumwaga Kihaya kama anamwaga maharage, kwamba hatuondoki, kwamba atalala mlangoni, kwamba kofia nzuri haifundishi masikio. Msaidizi alikuwa na Kihaya cha sokoni tu, lakini aliyaelewa ya kutosha akayameza, hakutafsiri.

Nami nikasema lile nililokuwa nimelibeba safari hii. "Nichome, bwana. Chukua pini. Nifunge macho. Nikikosea, nitapanda lori."

Alivaa tena miwani yake. Halafu akavuta droo. Shangazi akavua kanga yake ya kichwani akanifunga macho, akaikaza mpaka nikaona nyota. Nikaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Kidole cha mwisho," nikasema. "Mkono wa kulia."

Pini ikahama. "Kiganja. Karibu na dole gumba."

"Kifundo."

"Hapo hukunichoma. Umenigusa kwa kichwa cha pini."

Akangoja. Akangoja sana. Moto wangu ulikuwa unapiga ngoma kama kawaida yake, siafu wake wanatembea, na kila pini ilipogusa ilikuwa kama jiwe linaloangukia maji, nililijua mahali pake hasa. Nikangoja nami. Kisha nikasema, "Sasa hunigusi kabisa, bwana. Unataka niseme uongo."

Mtu mmoja kwenye benchi akapiga kofi. Shangazi akafungua kanga. Bwana Salehe alikuwa ameshika pini hewani.

"Basi una nini?" akaniuliza, na safari hii aliuliza kama mtu asiyejua.

"Inawaka."

"Inawasha?"

"Inawaka. Kama taa. Haina upele na haijafa. Inawaka."

Alirudia maneno yale mawili kwa sauti ndogo, inawasha, inawaka, akapiga ulimi. Akavuta karatasi mpya. Alipokuwa anaandika alisema bila kuinua uso, "Sababu yake siijui, binti yangu. Nisingependa kukudanganya." Wakubwa wengi walikuwa wameshaniambia mikono yangu ina nini: uvivu, upele, ukoma, na mimi mwenyewe nikasema senene. Huyu alikuwa wa kwanza kusema hajui, na neno hilo halikuniuma. Barua ile haikubandikwa. Nilipewa wazi niibebe mwenyewe, na niliisoma njiani mara nyingi mpaka nikaishika kwa moyo: Hana ukoma. Amepimwa. Mikono inawaka, sababu haijulikani. Aruhusiwe kusoma.

Nilipotoka nilitafuta benchi la juani nimwambie yule mzee. Benchi lilikuwa tupu: wagonjwa wa mjini walikuwa na lori lao, na lilikuwa limeshawachukua. Tulishuka mpaka ziwani, nikaingia maji ya magotini, nikaitia mikono mpaka mabegani, na shangazi akakaa juu ya jiwe akanitukana kwa kulowesha gauni.

Dawati langu nililikuta jeupe kwa majivu. Mwalimu alisoma barua mbele ya darasa, akaja mpaka nilipokaa, akanipa mkono. Daudi akasema, "Kibiriti amerudi," na nikamjibu, "Nimerudi, na leo nitakuwasha." Darasa likacheka, yeye zaidi ya wote. Hilo lilikuwa jibu langu la kwanza shuleni ambalo sikuulizwa na mwalimu.

Mtihani niliufanya. Mikono ilichagua siku ile kuwaka kupita siku zote, na hapakuwa na bakuli la maji wala mgomba wa kukumbatia. Muda ulipokwisha nilikuwa nimefika nusu ya karatasi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba katika nusu ile hapakuwa na kosa. Nusu haikutosha, na shule yangu ikaishia hapo. Wako waliosema heri ningebaki tu nyumbani tangu mwanzo, safari zote zile za nini. Nawajibu leo, kwa kuwa siku ile sikuwa na pumzi: nusu ile ni yangu. Niliiandika kwa mikono iliyokuwa imepangiwa lori.

Sasa nafanya kazi ya miche ya kahawa hapa Maruku. Udongo wa miche ni mbichi na baridi, na mikono huupenda. Bado inawaka. Si kila siku, lakini huja, na haijapata jina. Wako wanaonijia na majina, kila mmoja na lake, na ninawasikiliza kwa adabu na kuwaambia hapana nikiwa nimesimama. Ninayemfikiria zaidi ni yule mzee, na watoto niliowaacha kwenye benchi la watu wote wakingoja kuulizwa. Ni wangapi waliulizwa kwa neno wasilolijua wakasema ndiyo kwa heshima, na hawakuwa na Tata aliyepikia askari wala shangazi wa kulala mlangoni?

Kama uko wewe uliyepanda lori kwa sababu ya ndiyo moja, au mikono yako inawaka na wamekwambia ni uvivu, niandikie. Kama wewe ni yule msichana wa pua, niandikie nawe, sina kinyongo. Usiogope mwandiko. Andika mistari minne kwa siku, andika herufi zilizolala, mimi nitazisoma. Tata alisema barua ya serikali hupokelewa tu. Hii haina muhuri wa mtu, imetoka mikononi mwangu na bado ina joto lake. Hii ijibuni.